Sheikh Muhammad Abduh: Mtoto Aliyekimbia Darsa

Ni ada yetu wengi, mtoto anaposhindwa na masomo, kuitafuta sababu ndani ya mtoto mwenyewe. Husema kichwa chake ni kizito, au ni mtundu, au elimu haikuandikwa kuwa fungu lake. Mara chache mno tunageuza uso tukaitazama njia anayofundishwa. Kwa hivyo tumeona vyema, katika waraka wetu huu, tuwasimulie ndugu zetu wasomaji khabari za maisha ya mwanachuoni mkubwa wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wanamjua kwa jina la Mufti na kwa ubishi uliokuwapo juu yake. Wachache wanajua kwamba Mufti huyu, alipokuwa kijana, aliikimbia elimu akaapa kutoirejea, na kwamba kilichomrudisha hakikuwa bakora wala ahadi ya cheo, bali ni mzee mmoja mkulima aliyejua namna ya kufundisha.

Muhammad Abduh alizaliwa mwaka 1849 katika nchi ya mashamba ya Misri ya chini, akakulia katika kijiji cha Mahallat Nasr, jimbo la Buhaira. Baba yake, Abduh Hasan Khairullah, alikuwa mkulima mwenye heshima katika watu wake. Mtoto alifundishwa kusoma na kuandika nyumbani, kisha akapelekwa kwa hafidhi wa Qur'ani, akaihifadhi yote kabla hajafika utu uzima. Katika hayo hakuonekana kuwa mzito hata kidogo. Mwaka 1862 baba yake akampeleka mji wa Tanta, katika msikiti wa Ahmadi, ajifunze tajwidi. Msikiti ule ulikuwa wa pili baada ya Azhar kwa wingi wa darsa zake, na kumweka mtoto pale lilikuwa tumai kubwa kwa mzee wa shamba.

Mwaka 1864 akaingizwa katika darsa ya nahau. Kitabu kilikuwa ni Ajurumiya pamoja na sharhi ya Kafrawi. Wasomaji wetu wengi wanaijua Ajurumiya, maana nayo imesomwa sana katika darsa za pwani yetu. Ni kitabu kidogo, na aliyekitunga alikusudia kumsahilishia mwanafunzi. Walakini namna ilivyosomeshwa pale Tanta ilikuwa ni mwalimu kuisoma sharhi na kuzitaja istilahi za nahau, moja juu ya nyingine, mbele ya watoto ambao hawajaambiwa bado nahau ni kitu gani wala yafaa nini. Neno gumu lilifasiriwa kwa neno gumu zaidi. Mwanafunzi aliyekuja kujifunza maana ya istilahi alitakiwa awe anazijua istilahi hizo kabla ya kuja. Mwaka mmoja na nusu ukapita hali ni hiyo, na kijana hakufahamu kitu.

Akakata tamaa, akatoroka. Alijificha kwa wajomba zake kwa muda wa miezi 3 mpaka nduguye mkubwa akamwona, akamrudisha Tanta kwa nguvu. Kijana akakataa katakata. Akachukua nguo zake, akarejea kijijini kwa azma ya kuishi kama walivyoishi jamaa zake, kwa jembe na mifugo. Mwaka 1865, naye ana umri wa miaka 16, akaoa. Kwa hesabu ya dunia, khabari ya masomo yake ilikuwa imekwisha.

Baada ya miaka mingi, alipoandika yaliyompata katika ujana wake, Sheikh Muhammad Abduh hakulificha jambo hili. Alieleza kwamba hiyo ndiyo athari ya kwanza aliyoiona nafsini mwake ya njia ile ya kusomesha, na kwamba ndiyo inayowapata wengi mno katika wanafunzi wa Tanta na wa Azhar. Tena akaongeza jambo ambalo yatupasa tulifikiri sana. Alisema kwamba wale wanaobaki bila ya kukimbia hawakusalimika wote, kwani wako miongoni mwao wanaojidanganya kuwa wamefahamu, wakaendelea hivyo hivyo mpaka wakawa watu wazima, kisha wakasaliti watu wa kawaida kwa ujinga unaojiita elimu. Yaani aliona kwamba mtoto anayekimbia kwa kuwa hafahamu huenda akawa na nafuu kuliko anayekaa akaigiza kufahamu.

Siku 40 baada ya harusi, baba yake akamshurutisha arudi Tanta. Kijana akaondoka kwa kutii, lakini njiani, kwa ukali wa jua na uzito wa moyo, akamkwepa aliyefuatana naye, akaelekea kijiji cha Kanisat Urin walikokuwako jamaa za baba yake. Huko alikuwako mjomba wa baba yake aitwaye Sheikh Darwish Khidr. Mzee huyu alipata kusafiri mpaka Tripoli ya Magharibi, akasoma kwa mashekhe wa huko, akahifadhi Qur'ani pamoja na sehemu ya hadithi, kisha akarejea kijijini kwake kulima. Hakuwa na cheo chochote cha Azhar. Hakuwa na madrasa.

Asubuhi yake Sheikh Darwish alimjia yule kijana na kitabu mkononi, chenye barua za nasaha za baadhi ya mashekhe wake. Hakumkemea kwa kukimbia wala hakumhubiria juu ya fadhila za elimu. Alimwomba amsomee kidogo, kwa kuwa macho yake yeye mzee yalikuwa dhaifu. Kijana akakataa, akazilaani kusoma na wanaosoma, na alipobembelezwa zaidi akakitwaa kitabu akakitupa mbali. Mzee akakiokota akitabasamu, akamsihi tena kwa upole, mpaka kijana akaona haya, akasoma mistari michache. Hapo Sheikh Darwish akamfasiria yale aliyoyasoma kwa maneno ya wazi yanayoingia moyoni. Haukupita muda, wakaja vijana wenziwe wakamwita kwenda kupanda farasi na kucheza. Akakitupa kitabu, akaenda zake. Mzee hakumzuia.

Akaja tena baada ya Alasiri, na kesho yake pia, na kila mara ilikuwa ni mistari michache na maelezo yake. Siku ya tatu kikao kikawa kirefu, wala kijana hakuchoka. Mzee alipoinuka kwenda shambani, kijana ndiye aliyeomba aachiwe kitabu. Akakaa akikisoma peke yake, na kila alipofika mahali asipopafahamu akapatia alama, ili amwulize mzee atakaporudi. Haikutimia juma akawa anayachukia yale aliyokuwa akiyapenda ya mchezo na kujivuna, na anayapenda yale aliyokuwa akiyakimbia. Baada ya kiasi cha siku 15 alishika njia ya Tanta mwenyewe, pasipo wa kumfuata nyuma.

Tusimame kidogo hapa, kwani ndipo penye kiini cha khabari hii. Kijana aliporejea Tanta, msikiti ulikuwa ule ule na darsa zilikuwa zile zile. Akili yake nayo ilikuwa ile ile aliyoumbwa nayo. Lakini sasa alijikuta anafahamu anachokisoma na anachokisikia, hata wanafunzi wenziwe wakawa wanamzunguka kabla ya darsa awasomee na kuwaeleza. Sheikh Darwish hakumfundisha nahau. Alimpa vitu viwili alivyokuwa amevikosa, navyo ni kuonja ladha ya kufahamu walau mara moja, na kujua kwamba asiyefahamu ana haki ya kusema kuwa hakufahamu. Zile alama alizozitia katika kitabu zilikuwa, kwa maoni yetu, ndio mwanzo wa elimu yake yote.

Tutazame pia jinsi mzee yule alivyotenda. Alianza kwa kumwomba kijana msaada, badala ya kumwonyesha upungufu wake. Alichukua kidogo kidogo. Alikwenda na hali ya mwanafunzi, akamwacha acheze moyo wake ulipokuwa katika mchezo, akarudi ulipotulia. Yote hayo hayakumgharimu fedha. Watu husema siku hizi kwamba ubunifu katika kusomesha unataka majumba mapya na vyombo vya gharama. Sheikh Darwish alikuwa na kitabu kimoja na mahali pa kukaa.

Mwaka 1866 Muhammad Abduh akaingia Azhar, mjini Cairo. Huko nako alikuta sharhi juu ya matini, na hashiya juu ya sharhi, mpaka mwanafunzi akapoteza miaka katika maneno ya kitabu bila ya kufika kwenye jambo lenyewe. Kila aliporudi kijijini wakati wa mapumziko, Sheikh Darwish humwuliza kama amesoma mantiki, au hisabu, au elimu ya maumbo. Kijana hujibu kuwa hayo hayasomeshwi huko. Mzee humhimiza ayatafute popote yalipo. Akayatafuta, mpaka mwaka 1871 alipokuja kukaa Misri Sayyid Jamaluddin al-Afghani, naye akawa mwalimu wake mkubwa. Sayyid Jamaluddin alisomesha nyumbani kwake, akiwafungulia wanafunzi vitabu vya mantiki na falsafa vilivyoachwa, kisha akiwataka waandike wenyewe waliyoyafahamu. Katika mwaka 1876 Muhammad Abduh alikuwa ameanza kuandika katika gazeti la al-Ahram, naye bado ni mwanafunzi.

Mwaka 1877 akapata shahada ya ualimu ya Azhar, baada ya mabishano ya watahini ambao baadhi yao walimchukia kwa fikra zake. Hapo ndipo tunapoona jinsi alivyoyafanyia kazi yale aliyoyapata kwa Sheikh Darwish. Pamoja na darsa zake za Azhar, nyumbani kwake aliwasomesha wanafunzi kitabu cha tabia njema cha Ibn Miskawaihi, na tarekhe ya ustaarabu wa Ulaya ya Mfaransa Guizot. Mwaka 1878 akawekwa kusomesha tarekhe katika Darul-Ulum, skuli iliyoanzishwa Cairo mwaka 1872 ili kutoa walimu. Kwa darsa hiyo alichagua Muqaddima ya Ibn Khaldun. Kitabu hicho kinaeleza jinsi mataifa yanavyoinuka na kuanguka, na mwanafunzi anayekisoma hawezi kujizuia kuitazama nchi yake mwenyewe. Tarekhe ikawa si orodha ya wafalme na vita tena, ikawa ni suala linalomhusu aliyekaa darasani.

Darsa hizo hazikudumu. Mwaka 1879 Khedive Taufiq akamfukuza Sayyid Jamaluddin katika Misri, na Muhammad Abduh akaondolewa katika kazi yake, akaamrishwa akae kijijini kwao. Mwaka uliofuata akarudishwa, akatiwa katika uandishi wa gazeti la serikali, al-Waqa'i al-Misriya, naye akalitumia kuzitia makosa hali za skuli na njia zao za kusomesha. Kisha zikaja fitina za mwaka 1882, Waingereza wakaingia Misri, na yeye akawa miongoni mwa waliohukumiwa kutoka nchini.

Katika ughaibu huo alikwenda Paris, ambako mwaka 1884 yeye na Sayyid Jamaluddin walitoa gazeti la al-Urwatul-Wuthqa, lililodumu kwa matoleo 18 tu. Baadaye akakaa Beirut, akasomesha katika Madrasa ya Sultaniya. Hapo pana jambo ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Alitakiwa asomeshe elimu ya tauhidi. Akavitazama vitabu vilivyokuwapo, akaona vingine ni vifupi mno visivyofaa, vingine ni vya juu kuliko fahamu za wanafunzi, na vingine viliandikwa kwa ajili ya zama zisizokuwa zao. Angeweza kuchagua kimojawapo akakisoma mbele yao, nao wakavumilia kama alivyovumilia yeye Tanta. Hakufanya hivyo. Aliwaandikisha darsa zilizolingana na hali zao, na kila tabaka ya wanafunzi aliipa imla yake peke yake, isiyofanana na ya tabaka nyingine.

Yeye mwenyewe hakuziweka darsa zile. Baada ya miaka, alipotaka kuzirejea, alizipata kwa nduguye Hammuda, aliyekuwa mwanafunzi katika madrasa ile na ambaye alikuwa ameziandika zile za tabaka ya kwanza. Akazipitia, akazitengeneza, zikatoka mwaka 1897 kwa jina la Risalatut-Tauhid, kitabu kilichosomwa kutoka Magharibi mpaka visiwa vya Indonesia. Kitabu kilichomtangaza mwandishi wake ulimwenguni kilianza kuwa ni daftari la mwanafunzi.

Aliruhusiwa kurudi Misri mwaka 1888. Alilolitaka ni kusomesha, lakini Khedive Taufiq alichelea athari yake kwa vijana, akampa ukadhi katika mahkama za nchi. Akaifanya kazi hiyo kwa uadilifu, na katika miaka hiyo, naye ni mtu mzima wa miaka 40 na zaidi, akajifunza Kifaransa. Hatujui dalili iliyo kubwa kuliko hiyo ya kwamba mwalimu wa kweli haachi kuwa mwanafunzi.

Mwaka 1892 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Jamiya Khairiya Islamiya, jumuiya iliyofungua skuli za watoto wa masikini, na mwaka 1900 akawa rais wake. Kwa ajili ya walimu wa skuli hizo aliandika tafsiri ya Juzuu Amma. Sura zile ndizo mtoto anazozihifadhi mwanzo na kuzisoma katika Sala zake, na mara nyingi ndizo anazozeeka nazo asijue maana yake. Sheikh alitaka mwalimu awe na maelezo mepesi, yasiyo na mabishano ya wafasiri, ayatie katika moyo wa mtoto pamoja na matamko.

Mwaka 1895 iliundwa halmashauri ya kuitengeneza Azhar, naye akatiwa ndani yake. Kwa miaka 10 alipigania mambo mengi. Mishahara ya walimu ikapangwa, makazi ya wanafunzi yakatazamwa kwa afya, akawekwa tabibu, na vitabu vilivyokuwa vimetawanyika vikakusanywa katika maktaba moja mwaka 1897. Akataka hisabu, tarekhe na jiografia ziingie, na hashiya zipunguzwe. Katika elimu ya balagha aliviacha vitabu vya muhtasari vilivyozoeleka, akarejea kwa Abdulqahir al-Jurjani, mwanachuoni wa karne ya 5 ya Hijra, na vitabu vyake vikapigwa chapa kwa juhudi yake. Tunalitaja hili makusudi, maana wako wanaodhani kuwa kila njia mpya ya kusomesha ni kuwapa mgongo waliotangulia. Sheikh aliona kuwa waliotangulia zaidi ndio waliokuwa wepesi zaidi kufahamika, na kwamba uzito ulikuja na waliokuja nyuma.

Mwaka 1899 akawa Mufti wa Misri, na mwaka huo huo, kwa kuhimizwa na mwanafunzi wake Sayyid Rashid Ridha, mwenye jarida la al-Manar, akaanza darsa ya tafsiri katika Azhar. Alishika mkononi Tafsiri ya Jalalaini, kitabu wanachokijua wote, kisha akaitoa aya katika mabishano ya i'rabu, akaieleza jinsi inavyomwongoza mtu katika maisha yake na ya umma wake. Walihudhuria wanafunzi wa Azhar, na wasiokuwa wa Azhar, na watu wa serikali. Darsa iliendelea kwa miaka 6, ikafika katika Suratun-Nisaa, na hapo ikakatika.

Haitakuwa uadilifu kusema kwamba alifaulu katika yote. Mashekhe wengi wa Azhar walimpinga, na wako waliompinga kwa ikhlasi, wakichelea kwamba kugusa njia ya kusomesha ni kuigusa dini yenyewe. Katika fatwa na fikra zake yako ambayo wanavyuoni walikhitalifu naye na wanakhitalifu mpaka leo. Khedive Abbas naye, aliyemsaidia mwanzo, akamgeukia. Mwezi wa Machi 1905 Sheikh akajiuzulu katika halmashauri ya Azhar, na mengi aliyoyapanga hayajatimia. Tarehe 11 Julai mwaka ule ule akafa Iskandaria kwa maradhi, akazikwa Cairo, naye ana umri wa miaka 56.

Lakini mwalimu hapimwi kwa halmashauri aliyoshindwa nayo. Darsa zake zilibaki kwa wanafunzi wake, na kwa njia ya al-Manar zikavuka bahari mpaka kwetu. Mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeishi baina ya 1891 na 1947, alikuwa msomaji wa jarida hilo. Alitoa Al-Islah mwaka 1932, akaandika vitabu vya dini kwa Kiswahili chepesi, ili mtoto na mtu wa kawaida wafahamu dini yao kwa lugha ya nyumbani kwao. Naye vilevile aliona kwamba mtu hafundishwi kwa maneno asiyoyajua.

Basi, ndugu zetu, hatusemi kwamba kuhifadhi kuachwe. Sheikh Muhammad Abduh mwenyewe alikuwa hafidhi, na bila ya hifdhi ile asingekuwa na cha kufasiri. Tunalolisema ni kwamba mwalimu wa chuo anaweza leo hii, bila ya kungoja fedha ya mtu, kuchukua aya chache alizozihifadhi mtoto akamweleza maana yake kwa Kiswahili. Anaweza kumruhusu mtoto atie alama pale asipopafahamu, na kumpa aliyefahamu awaeleze wenziwe. Na mzazi, kabla hajainua mkono au kumtoa mtoto chuoni kwa kusema ni mjinga, amwulize kwanza ni neno gani asilolifahamu, na amsikilize akijibu.

Katika kijiji cha Kanisat Urin hapakuwa na aliyejua kwamba kijana yule mkaidi angekuwa Mufti wa Misri. Sheikh Darwish naye hakujua. Alimwona mtoto wa jamaa yake ameichukia elimu, akakaa naye. Katika vyuo vyetu wamo watoto kama yule, na wengine wamekwisha kimbia, wako ufukweni na njiani. Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wawili hao, na atujaalie sisi subira ya kukaa na watoto wetu, na hekima ya kuwafundisha kwa kadiri ya fahamu zao. Amin.